Marahaba ya Saa Nne

Ndiyo, wewe. Wewe uliyevaa miwani ya mbao. Umepita kwenye lile daraja mara ngapi ukapandisha vioo vya gari, au ukajiziba pua kwa ncha ya nguo, ukaendelea na stori zako? Bomba uliliona. Rangi ya maji uliiona. Ukasema moyoni, wenyewe wapo, watashughulikia. Basi kaa usikilize habari za mwalimu mmoja aliyefanya vilevile unavyofanya wewe, ila yeye alifanya mbele ya darasa zima, na mbele ya mama yake mzazi.

Shule yake ipo kilimani, na madarasa ya upande wa chini yanatazama mahali mto unapoingia baharini. Kutazama ni namna ya kusema tu. Madirisha ya upande huo yalifungwa pale kiwanda cha ngozi kilipolaza bomba lake. Kwanza yalifungwa kwa komeo, baadaye yakapigwa misumari, na mwishowe mtu mwenye akili zake timamu akapaka vioo rangi ya maziwa, ili mwanga uingie na mto ubaki nje. Bomba lenyewe watu waliambiwa ni la muda. Waliosema hivyo wamestaafu, mmoja wao amepewa hata barabara yenye jina lake, na bomba lipo.

Zamani somo la mlango wa mto lilifundishwa kwa miguu. Watoto walivua viatu, wakashuka kilima, wakaingia topeni. Mwanafunzi alichota maji kwa kiganja akaonja, akakunja uso kwa chumvi. Akapanda juu kidogo akaonja tena, akakuta matamu. Akarudi darasani na jibu la mtihani ulimini. Mpaka ukaja mwaka darasa zima lilirudi miguu inawasha, na baada ya siku chache ngozi ikaanza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Wazazi wakaja juu. Kikaitishwa kikao, watu wakapiga meza, na kikao kikatoka na uamuzi wake: badala ya kulifunga bomba, kilizifunga ziara. Wiki hazikupita nyingi kiwanda kikaleta zawadi, projekta na skrini kubwa na spika mbili, vyote vimebandikwa nembo ya kiwanda. Aliyeutia mto sumu ndiye aliyewaletea watoto picha ya mto. Na watu wakapiga makofi. Wewe pia ulipiga, usikatae.

Wa kuzitumia zana hizo akawa mwalimu wa jiografia, mwanamke ambaye wanafunzi walimwita Mwalimu Ramani kwa sababu alichora ramani yoyote ubaoni bila kuangalia kitabu. Alikuwa hodari, hilo hakuna anayelibishia. Alikwenda darajani na simu yake maji yakiwa yamejaa, akapiga picha za mikoko, na korongo weupe, na mwanga ukicheza juu ya maji. Maji yakijaa bomba huzama, na tope huzama nalo. Akaziunganisha picha, akaweka sauti yake, ikawa ziara ya mtandaoni tamu kiasi kwamba shule za mbali zikaanza kuiomba.

Siku ya kwanza alipowaonyesha wanafunzi wake mwenyewe, waliitazama hadi picha ya mwisho. Kisha akanyoosha mkono msichana mmoja wa benchi la nyuma, ambaye wenzake walimwita Bi Kwanini kwa jinsi asivyoishiwa maswali.

"Mwalimu, kwa nini huu mto wa kwenye skrini haunuki?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu Ramani naye akacheka, akajibu papo hapo, "Kwa sababu picha haina pua, mwanangu."

Jibu lile lilifika ofisi ya walimu kabla ya kengele ya mapumziko. Likawa msemo. Mtu akilalamikia chai iliyoungua anaambiwa picha haina pua. Mwalimu Ramani alichekelea kila mara, na kila mara kitu fulani kikamchoma chini ya mbavu, kwa sababu Bi Kwanini alikaa kule chini kwenye nyumba za bombani, na nyumba iliyopakana na yao ilikuwa ya mama yake Mwalimu Ramani.

Hilo ofisini hawakulijua. Alipoajiriwa waliulizana kwao ni wapi, kama watu wanavyoulizana, na kabla hajafungua mdomo mwalimu wa hesabu akawa anasimulia kisa cha mzazi wa bombani aliyekuja kumwandikisha mtoto, na jinsi ilivyobidi wafungue milango yote baada ya kuondoka. Walicheka hadi machozi. Alipogeukiwa yeye, akasema, "Kwetu ni mbali. Mama anakaa mbali." Tangu hapo mama yake akawa anakaa mbali. Alimtembelea giza likiingia, kwa njia ya nyuma, na viatu vya kubadilisha mfukoni. Mama hakuuliza. Mama alikuwa amemlea kwa kaa na chaza wa tope lile, tope lilipokuwa bado hai, na alimwita Kikoko, kwa vile alipokuwa mdogo alisimama topeni na vijiguu vyake vyembamba kama mche wa mkoko, akagoma kutoka.

Sasa msemaji wa kiwanda akaja na wazo. Huyu walimu walimwita Bwana Tabasamu, maana hata akipiga chafya anacheka. Alitaka ziara ya mubashara: Mwalimu Ramani asimame ukingoni na simu, darasa lake liwe mbele ya skrini, na shule nyingine zote ziingie kutoka huko ziliko. Zoezi likifana, Mwalimu Ramani angepewa kusimamia ziara za mtandaoni za wilaya nzima.

"Tunachohitaji ni maji tu," alisema Bwana Tabasamu, akimkonyeza Mkuu wa shule. "Maji yawe mengi."

"Mwalimu, siku ya ziara maji yanajaa saa ngapi?" aliuliza Mkuu.

Mwalimu Ramani, mtoto wa mlango wa mto, akatoa simu mfukoni, akaiuliza simu. Simu ilikuwa imewekwa Kiswahili, na programu yake ya saa za bahari kujaa na kupwa ikamwandikia kwa Kiswahili kisicho na kasoro: Maji kujaa, saa 4:00.

"Saa nne," akasema. "Maji tele."

"Saa nne kamili, basi. Watoto wawe wameshakaa."

Aliyeitengeneza programu ile alikuwa ametafsiri maneno, saa hakuzitafsiri. Nne yake ilikuwa nne ya kizungu, ya alasiri, ile ambayo sisi tunaiita saa kumi. Na kutoka saa nne yetu mpaka saa kumi yetu ni saa sita, ndizo hizohizo bahari inazozihitaji ili irudi ilikotoka. Angekosea kidogo angekuta maji nusu, angejikongoja. Hili lilikuwa kosa lililokamilika. Angetupa jicho dirishani siku yoyote ile angejua maji yanakwenda vipi. Lakini dirisha lilikuwa limepakwa rangi, na yeye ndiye aliyeomba lipakwe mara ya pili, ili picha kwenye skrini ionekane vizuri.

Asubuhi ya siku ya ziara alivaa gauni lake la bluu la sherehe. Akashuka mpaka ukingoni. Maji hayakuwapo. Yalikuwa yameondoka mpaka kule kwenye mstari mwembamba unaong'aa, yakaacha tope jeusi lililopasuka, na vipande vya ngozi vyenye manyoya, na povu la rangi ya kutu. Katikati ya yote hayo bomba limekaa wazi, mdomo umeachama, linatapika taratibu kama mlevi asiye na haraka. Mikoko iliyo karibu nalo ilisimama mikavu. Harufu ilimpiga akarudi nyuma.

Simu ikaita. Skrini ikawaka, na masikioni mwake zikaingia sauti za shule zote.

"Mwalimu Ramani, tunakusikia!" Huyo Mkuu. "Karibu, endelea."

Akainua simu juu haraka, akaielekeza mawinguni.

"Karibuni sana, watoto wazuri," alisema, na sauti ikatoka nyembamba. "Huu ni mlango wa mto. Ni mahali ambapo, eeh, maji matamu na maji chumvi hukutana. Leo tutaanza na anga."

"Mwalimu," sauti ya mvulana kutoka shule moja ya mbali, "tumeingia somo la hali ya hewa?"

Kicheko.

"Nyamaza wewe, muache mwalimu atafute ndege."

"Ndege gani, mbona ni wingu lilelile tangu aanze?"

"Mwalimu, teremsha simu," alisema Bi Kwanini, taratibu. Yeye hakucheka. "Teremsha kidogo tu."

Akateremsha kidogo, hadi kwenye vilele vya mikoko ya mbali ambayo bado ina majani. Ndipo akasikia tope likilia chapwa, chapwa, nyuma yake. Mtu anakuja. Aligeuka, na simu ikageuka naye.

Mama alikuwa anatokea upande wa nyumba za bombani, ndoo mkononi, kitambaa kimelegea kichwani, anakuja mbiombio kama mtu aliyesikia sauti ya mwanawe mchana kweupe na hataki kuamini. Gauni lake lilikuwa limepandishwa hadi magotini. Miguu yake ilionekana yote, mabakamabaka, mahali pengine ngozi mpya ya waridi, mahali pengine vidonda. Uso wake ulikuwa umefunguka kwa furaha. Ikaingia yote kwenye skrini, shule zote zikaona.

"Eh! Huyo nani, mwalimu?" Sauti ya Bwana Tabasamu, ambaye alikuwa ameketi darasani mbele kabisa. Mara hii hakucheka.

Nyuma yake zikasikika sauti za walimu, na ya mwalimu wa hesabu ikiwa juu ya zote: "Hee, bombani wamekuja kusomeshwa!"

Mama alikuwa amefika. Mdomo ulishafunguka. Herufi ya kwanza ya lile jina, Kikoko, ilikuwa imeshakaa kwenye midomo yake.

"Ni..." alisema Mwalimu Ramani. "Ni mkazi tu wa hapa."

Mdomo wa mama ukafunga.

Alimtazama mwanawe, akaitazama simu, akalitazama gauni la bluu. Akaelewa. Akaweka ndoo chini, akafuta mikono kwenye nguo, akashusha gauni kufunika magoti. Kisha akainama kidogo, yeye, mama mzazi, akamwambia binti aliyemtoa tumboni mwake, mbele ya shule zote:

"Shikamoo, mwalimu."

Na kabla akili haijafika, ulimi wa mwalimu, uliozoea kuitikia darasa kila asubuhi, ukaitika wenyewe.

"Marahaba."

Tangu dunia iumbwe hakuna aliyelisikia neno hilo likitoka vibaya namna ile. Mama akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa ruhusa ya kuondoka. Akaokota ndoo yake akarudi, tope likilia chini ya miguu ile. Hakugeuka. Simu ilibaki inamfuata mpaka Mkuu alipopiga kelele kwamba mtandao unasumbua, na mtandao ukasumbuliwa kweli, waya ukachomolewa.

Ofisini hawakumgombeza. Afadhali wangemgombeza. Bwana Tabasamu alimtafutia kiti.

"Kosa la saa tu, mwalimu, linaweza kumpata yeyote. Tutarudia leo leo, saa kumi, maji yakiwa yamefika. Ile ya asubuhi tutaifuta."

"Na yule bibi atafutika nayo," alisema Mkuu.

"Lakini jamani, mmeona?" Mwalimu wa hesabu alikuwa anajipangusa macho. "Bibi mzima, anampa mwalimu wetu shikamoo! Kumbe bombani adabu ipo, sabuni ndiyo hakuna."

Walicheka. Mwalimu Ramani alishika kikombe cha chai, na safari hii kicheko hakikupatikana popote mwilini mwake. Aliona uso wake kwenye chai, akaona ni uso wa mama yake akiwa kijana. Wanacheka na hawajui wanamcheka nani, na yeye anayejua amekaa katikati yao, gauni la bluu, kikombe mkononi.

Mlango ukagongwa. Alikuwa Bi Kwanini, ameleta dasta iliyosahauliwa darasani. Aliiweka mezani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mwalimu," alisema, macho chini.

Mwalimu Ramani alifungua mdomo. Neno lile la asubuhi halikutoka. Walimu wakaanza kugeuka. Mtoto akasogea karibu, akasema kwa sauti ya chini ambayo mwalimu peke yake aliisikia, "Bibi amejifungia ndani. Nimechungulia wakati wa mapumziko. Hajapika." Akatoka.

Saa kumi maji yalikuwa yamejaa, kama programu ilivyosema tangu mwanzo. Bomba halionekani, tope halionekani, korongo wamekaa pale walipopangwa na Mungu na Bwana Tabasamu, ambaye safari hii alishuka mwenyewe kusimamia. Skrini ikawaka. Shule zikaingia.

"Sasa hiyo ndiyo picha," alinong'ona Bwana Tabasamu. "Anza."

"Watoto," alisema Mwalimu Ramani. "Asubuhi niliulizwa mbele yenu yule mama ni nani, nikawadanganya. Ngojeni niwapeleke."

Akaipa mikoko mgongo, akashika njia ya nyumba za bombani, simu mbele yake.

"Mwalimu! Ndege wako upande huu! Mwalimu!" Bwana Tabasamu alikuwa anamfuata kwa kurukaruka, anaokoa viatu vyake. Masikioni Mkuu alikuwa anauliza kuna nini, kuna nini.

Alisimama mbele ya mlango wa mabati aliokuwa akiupitia gizani. Kwa mara ya kwanza tangu ajiite mwalimu aliugonga mchana.

"Hodi."

Kisha, kutoka ndani, "Nani?"

Shule zote zilikuwa zinasikiliza. Mwalimu wa hesabu pia.

"Ni mimi, mama. Ni Kikoko."

Mlango haukufunguka mara moja. Ulipofunguka, mama alisimama kwenye ufa, kitambaa kimefungwa vizuri sasa, macho mekundu.

"Shikamoo, mama," alisema, akapiga magoti.

Mama hakuitika. Alitazama ile simu.

"Imewashwa hiyo?"

"Imewashwa."

"Na watoto wananiona?"

"Wanakuona, mama."

"Basi ngoja kwanza nifunike miguu."

Hapo ndipo Mwalimu Ramani alipolia. Mtu aliyekuwa na haki ya kumtemea mate ndiye anayeona haya kwa ajili ya miguu iliyoliwa akiwa anamtafutia yeye ada ya shule. "Usifunike," alisema. "Mama, nakuomba. Usifunike."

Katika spika ya simu, kutoka darasa lenye madirisha yaliyopakwa rangi, sauti moja ya kike ikaanza na nyingine zikaifuata, "Shikamoo, bibi!"

Mama alishtuka, akatabasamu bila kupenda. "Marahaba, wanangu. Marahaba."

Kisha akamgeukia binti yake, na tabasamu likaondoka.

"Wao nimewaitikia. Wewe, bado."

"Mama..."

"Ulinikana maji yametoka, tope likiwa wazi. Sasa unanileta mbele za watu maji yamejaa, kila kitu kizuri. Hapana. Kesho yakitoka, njoo. Uje umevua viatu, uje nao hao watoto, mkae ukingoni waone kwa macho yao na wanuse kwa pua zao. Hapo nitakuitikia."

Huo ulikuwa mwisho wa ziara. Bwana Tabasamu alikuwa amekwishaifikia simu.

Jioni ile Mkuu alimwambia maneno machache. Video zote mbili zimefutwa. Nafasi ya wilaya asiiwaze tena. Na akithubutu kuteremsha mwanafunzi hata mmoja, asihangaike kurudi.

Asubuhi aliingia darasani kama kawaida. Projekta ilikuwa imechukuliwa, ukuta umebaki na alama nyeupe ya skrini. Watoto walisimama wakamwamkia, naye akawaomba wakae, hakuitika, kwa sababu aliona hilo neno si lake mpaka apewe. Akachora mto ubaoni, akachora bahari, akaacha nafasi katikati.

"Nani anajua maji yako wapi sasa hivi?"

Bi Kwanini akainuka, akaenda dirishani na rula yake ya chuma, akaanza kuikwangua rangi. Krrr, krrr. Chembe nyeupe zikamwangukia miguuni. Alipopata tundu la ukubwa wa jicho, akachungulia.

"Yanatoka, mwalimu. Bomba limeanza kuchomoza kichwa." Kisha akaongeza: "Na bibi ametoka. Amekaa mlangoni kwake."

Mwalimu Ramani aliweka chaki chini. Alikwenda mlangoni, akainama, akavua kiatu cha kwanza. Nyuma yake akasikia benchi likisogezwa, halafu jingine. Koridoni, viatu vya Mkuu vilikuwa vinakuja.

Sasa na wewe. Umesikia yote, na bado umekaa. Bibi yuko mlangoni, marahaba yake ameishika mdomoni, na mwalimu ana mguu mmoja tu uliovuliwa kiatu. Anahitaji watu wa kusimama kati yake na ile korido. Usiniambie utalifikiria. Usiniulize saa. Kwangua rangi ya dirisha lako, vua viatu, shuka. Simu yako ichukue, lakini uipige picha ile ya maji yakiwa yametoka, na uipeleke kwa kila aliyewahi kukuambia bomba ni la muda. Kisha wote mliofika mkalizibe. Inuka. Maji yanatoka sasa hivi, na baada ya saa sita yatakuwa yamerudi kukufunikia tena.